Feza iliyokufa: tuiweke ao tuitupe?

Ndugu wasomaji, katika kitabu cha namna hii tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, majina ya watoto, kilio na miiko ya chakula. Leo naleta swali ambalo labda wengine watasema haliko la desturi hata kidogo. Feza ambayo leta imekwisha kuiondoa, je, ni akili kuiweka nyumbani? Na kama ni akili, je, ni haki pia? Hayo ni maswali mawili, na sisi katika jamaa yetu tuligombana siku tatu nzima kwa sababu tulifikiri ni moja.

Swali lenyewe halikutoka katika vitabu. Lilitoka katika sanduku la bati la marehemu baba yangu. Nyuma ya kilio, wageni walipokwisha kwenda, tulibaki watu wanne: yaya yangu mkubwa, shangazi yetu, mtoto wa yaya anayesoma chuo kikuu kule Lubumbashi, na mimi mwalimu. Tulifungua sanduku ili tugawanye nguo. Chini ya nguo kulikuwa karatasi za kazi, na chini ya karatasi za kazi kulikuwa feza. Nasema feza, lakini hakuna mwenye duka hata mmoja hapa Likasi ambaye angetupatia kwa feza ile hata kijiti kimoja cha kiberiti.

Kulikuwa kopo la maziwa lililojaa makuta ya chuma. Kulikuwa sarafu moja ya wakati wa Wabelgiji, ya franka 2, yenye pembe sita na picha ya tembo, ya mwaka 1943. Kulikuwa noti kumi za miaka ya 1990, zile za mamilioni, safi kabisa kama zilitoka jana. Kulikuwa kifungo cha noti 62 za zaire 10, zimechakaa, zimefungwa kwa kipande cha karatasi ya daftari, na juu ya kipande kile baba aliandika kwa kalamu: «Mabati 40». Na mwisho kabisa, ndani ya kitambaa cheusi, kulikuwa msalaba wa shaba.

Yaya alisema wa kwanza: «Mufu banamuzikaka. Hii makuta ilikufa zamani, tuiunguze tu, bintu biishe.»

Mtoto wake akaruka: «Apana, baba! Bantu banauzishaka hii ku intaneti, bazungu banaipenda. Tuuzishe, tulipe masomo.»

Shangazi hakusema kitu. Alikuwa amechukua ule msalaba na kuuweka juu ya magoti yake.

Kwa wasomaji waliozaliwa nyuma ya miaka ile, inafaa nieleze maana ya «Mabati 40». Feza iliyoitwa zaire ilianza mwezi wa Juni 1967. Zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Ndiyo, dola mbili kwa zaire moja. Wazee wetu hawasemi uongo wanaposema hivyo. Zaire moja iligawanywa katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Miaka kumi na miwili ikapita, bei zikapanda, na tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa. Ilikuwa siku ya Noeli, ambayo tangu 1974 haikuwa tena siku ya mapumziko katika inchi yetu. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na tena kwa kipimo. Ilisemwa kwamba wanatafutwa matajiri na wafanya magendo walioficha noti nyingi, hata inje ya inchi. Inawezekana. Lakini tajiri ana rafiki katika banki, na mwanakijiji hana. Aliyekuwa mbali na mji alisikia habari kwa redio ya jirani, akaanza kutafuta lori.

Baba yetu hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na noti zake 62 alizikusanya mwaka mzima ili amalize kuezeka nyumba. Siku ile ya Noeli alikuwa kijijini upande wa Bukama, kwa kilio cha mjomba wake. Aliporudi, katika banki moja ya mji wetu walimwambia siku zimekwisha. Alirudisha kifungo nyumbani, na upande mmoja wa nyumba yetu ulibaki na majani mpaka 1986. Mimi nilikuwa mdogo sana, sikumbuki kitu. Yaya anakumbuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake usiku wa mvua ilikuwa kupanga sufuria chini ya mahali panapovuja.

Basi nilipomsikia akisema tuiunguze, mwanzoni nilifikiri hajali. Kumbe alikuwa ndiye anayejali kuliko sisi wote. Alituambia siku ya pili: «Baba alikuwa anafungua ile kifungo kila Noeli. Anaangalia, anafunga. Muliona? Apana, mulikuwa mumelala. Miye niliona.» Kwa yaya, feza ile si kumbukumbu, ni ugonjwa uliokaa katika nyumba miaka arobaini. Anayeiweka anaweka kinyongo, na mtu hawezi kurizisha watoto wake kinyongo.

Hoja hii ni nzito, na sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu wakati huo, na ninajaribu kulitoa hapa.

Kwanza tuone noti ni kitu gani. Msalaba wa shaba, hata kama hakuna mtu anayeupokea tena kwa biashara, unabaki shaba. Fundi anaweza kuuyeyusha atengeneze waya ao bangili. Vilevile mitako, zile nyaya za shaba nyeupe ambazo Wazungu wa kwanza walilipia kazi na chakula hapa Kongo. Lakini noti ni karatasi. Thamani yake yote ni neno la yule aliyeiandika: ukinipa kazi yako leo, mwingine atakupa kitu kesho. Ni ahadi. Baba alitoa kazi, chini ya ardhi, mwaka mzima. Hiyo ilikwisha kutolewa na haiwezi kurudi. Ahadi ndiyo ilirudishwa. Kwa hiyo kifungo kile si feza iliyokufa kama yaya anavyosema. Ni barua ya deni. Na desturi zetu juu ya deni zinajulikana: mwenye kudai anaweza kusamehe, lakini kusamehe ni neno la mwenye kudai, na analisema akiwa na akili ya kujua anasamehe nini. Kuunguza barua bila kusoma si kusamehe. Ni kumsaidia mdaiwa kusahau.

Nafikiri hata kinyongo kinatoka mara nyingi katika jambo lisilosemwa, kuliko katika jambo lililosemwa. Baba alifungua kifungo kila Noeli peke yake, usiku, na watoto wamelala. Kama angetuamsha akatuambia, labda yaya asingebeba mzigo ule pekee.

Kuna jambo lingine linalonizuia kusema «imekufa» upesi. Nani anaiua feza? Tunajibu: banki. Lakini tukumbuke Kasai. Mwezi wa Oktoba 1993 leta ilileta zaire mpya: moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Katika Kasai zote mbili watu waliikataa. Waliendelea kununua na kuuzisha kwa zaire za zamani, noti zilezile zilizochakaa, zilizogusa mikono elfu, na kwa sababu hakuna aliyekuwa akichapa nyingine, zikashika thamani yake wakati zaire mpya inaanguka. Franka ya Kongo ilipokuja tarehe 30 Juni 1998, ilibidi leta ikubali ukweli huo: franka moja kwa zaire mpya 100 000, ao kwa zaire za zamani milioni 14. Chukueni kalamu, ndugu wasomaji, mhesabu. Kwa kipimo cha 1993, zaire mpya 100 000 zilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Kasai walihitaji milioni 14 tu. Maana yake noti ambayo Kinshasa ilitangaza kuwa maiti ilikuwa na nguvu mara 21 000 na zaidi kuliko ilivyoandikwa katika cheti chake cha kifo. Mimi si Mkasai, na najua maneno mengine yaliyopita kati yetu hapa Katanga katika miaka ileile, lakini kwa jambo hili nawavulia kofia.

Na tazameni neno «makuta» lenyewe. Sarafu ile haikununua kitu tangu zamani sana. Lakini kijana aliyezaliwa 2005 akitaka feza anasema: «Niko na shida ya makuta.» Hajaona likuta hata siku moja. Neno lenyewe ni la zamani kuliko Mobutu: huko Angola, karne ya 18, Wareno walikuwa wanahesabu kwa makuta, na wao walilitwaa kwa watu wa Kongo, ambao walihesabu kwa vitambaa vya nyuzi za mti. Basi feza inaweza kufa mara mbili, mara tatu, na ikaendelea kutembea katika midomo.

Sasa nije kwa mtoto wa yaya, maana vijana wanatuona sisi wazee kama watu wa machozi tu. Yeye aliuliza: ina bei gani? Ni swali la haki. Masomo yanalipwa kwa dola, hayalipwi kwa kumbukumbu. Alitafuta siku mbili katika simu yake na akarudi uso umeanguka. Noti nyingi za zaire za miaka ya 1990 zinauzishwa kwa bei ya chini kabisa, kwa sababu zilichapwa kwa wingi na bado ziko vifungo kwa vifungo mikononi mwa wachuuzi. Wakusanyaji wanatafuta noti ambayo ni nadra, na tena ambayo haikukunjwa, haikuandikwa, haina doa. Kwao kifungo cha baba hakina kitu: noti zimekunjwa, zina jasho, zina alama za kalamu, nyingine zimeliwa pembe. Zile za mamilioni peke yake ndizo zilikuwa «safi».

Hapo nilimwambia jambo moja ambalo naona linafaa kuandikwa. Kati ya zile noti safi kulikuwa zile za zaire milioni 5. Noti ile ilitoka mwezi wa Desemba 1992. Ilikuwa na thamani ya karibu dola mbili, yaani ile bei ya zaire MOJA katika 1967. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema si feza halali, wafanyabiashara wakaikataa. Askari walikuwa wamelipwa kwa noti ile. Walipoona sokoni hakuna anayeipokea, wakaanza kupora Kinshasa mwishoni mwa Januari 1993. Watu wengi walikufa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa. Sasa mkusanyaji wa mbali anaona noti nzuri, haina mkunjo hata mmoja, anailipia zaidi. Hajui kwamba haikukunjwa kwa sababu ilikataliwa. Na ile iliyokunjwa, iliyochakaa, ndiyo iliyolisha watoto. Bei ya mkusanyaji na heshima yetu zinatembea njia mbili kinyume.

Sisemi kukusanya ni vibaya. Bila wakusanyaji, vitu vingi vya inchi hii havingekuwapo tena mahali popote. Wala sisemi kuuzisha ni zambi. Noti ambayo iko elfu na elfu, ukiiuzisha humwibii mtu. Ninachokataa ni mambo mawili: kumdanganya maskini kwamba ana utajiri sandukuni (kuna watu wanaopita mitaani wakisema hivyo, na mwishowe wanachukua kitu chema kwa bei ya ovyo), na kuuzisha kitu bila kujua unauzisha nini.

Niliwahi kupeleka noti moja ya milioni 5 darasani, darasa la tano la sekondari. Watoto walicheka: «Mwalimu, kumbe ulikuwa milionea!» Nikawaambia: mwaka ule sisi wote tulikuwa mamilionea, na wengine walilala na njaa. Mtoto mmoja wa kike, anakaa nyuma, hazungumzi mara nyingi, akauliza: «Mwalimu, na ile tunatumia leo, itakuwa vile?» Darasa likanyamaza. Nilimjibu kwa hesabu tu. Mwaka 1998, franka moja na nusu haikufika ilikuwa dola moja. Leo dola moja tunaihesabu kwa maelfu ya franka. Nani kati yetu anazo bado zile noti za kwanza, zilizoandikwa mwaka 1997? Ile ya sentimi 1 yenye mwanamke anayevuna kahawa na mlima Nyiragongo nyuma yake? Ile ya franka 1 yenye mgodi wetu wa Lubumbashi upande mmoja na Lumumba amekamatwa upande wa pili? Zilipita katika mikono yetu juzi tu. Tuliona hazinunui kitu, tukafutia viatu. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kuweka feza iliyokufa, sizungumzi juu ya wazee peke yao. Noti inaondoka wakati kila mtu anaona ni takataka, na kipindi kile ndicho kipindi cha kuweka moja, ao mbili. Si gunia. Anayeweka gunia anangojea bei, na nimekwisha kusema bei haitakuja.

Nije kwa msalaba, kwa sababu hapo ndipo tuligombana kwa kweli.

Kila mtu wa Katanga anaujua msalaba wa shaba. Hauhusu wamisioni, mikono yake minne inafanana na herufi X, na ulikuwako karne nyingi mbele yao. Mafundi waliyeyusha mawe ya shaba kwa makaa na kumwaga shaba katika kalibu. Serikali ya Katanga ya 1960 mpaka 1963 iliuweka mitatu katika bendera yake, na katika sarafu zake za franka 1 na 5 za 1961 uko upande mmoja, na ndizi upande wa pili. Kuna wakati ambapo mtu hakupenda kuonekana na sarafu zile. Mimi nauzungumza hapa kama feza, na siasa niwaachie wenyewe.

Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, na tena katika miaka ya 1970. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu, bangili, na misalaba ya shaba. Walichotuonyesha kinanishangaza mpaka leo. Misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache, imewekwa juu ya mtu mwenye heshima. Karne zilivyopita, ikawa midogo, mingi, na ya kufanana. Yaani kitu cha heshima kiligeuka feza mbele ya macho ya mababu zetu, polepole, na kwa kugeuka feza kikapungua! Inaonekana kushuka kwa feza hakukuletwa na banki peke yake.

Tusijidanganye vilevile kwamba feza ya mababu ilikuwa safi na ya karatasi ndiyo chafu. Huko Bunkeya, wakati wa M'siri, shaba, pembe za tembo na watumwa vilitembea katika njia moja. Nani anajua msalaba fulani ulinunua nini? Wanaotuambia turudi kwa feza ya mababu wangefikiri kwanza juu ya hilo.

Mtoto wa yaya alikwisha kupata mnunuzi Lubumbashi aliyetaja dola 50. Hapo shangazi alifungua kinywa mara ya kwanza: «Ile haiko makuta. Ile njo nkambo yenu mwanamuke.»

Akaeleza. Nkambo wetu mwanamke alipoolewa, misalaba miwili ya shaba ilitolewa kwa jamaa yake pamoja na vitu vingine vya ndoa. Mmoja ulipotea. Wa pili aliuweka kaka yake. Kaka yule ndiye mjomba wa baba, yule aliyekufa Desemba 1979. Mbele ya kufa aliagiza msalaba upewe mtoto wa dada yake. Baba alikwenda Bukama kwa kilio, akapewa msalaba, akakaa siku zote za kilio kama inavyompasa mpwa. Siku zilezile ndizo noti zake zilikuwa zinakufa Likasi.

Yaya alimwangalia shangazi muda mrefu. «Alijua?» aliuliza. Shangazi akasema: «Redio ilikuwa ku jirani. Alisikia. Bakamwambia aende, akasema atangoja paka tumalize kilio.»

Sisi wote tulikuwa tumefikiri habari zilichelewa kumfikia. Kumbe alichagua. Mabati 40 upande mmoja, kilio cha mjomba upande mwingine, na alikaa. Sijui kama alichagua vizuri; nyumba ilivuja miaka saba. Yaya, aliyepanga sufuria, ana haki kuliko mimi ya kuhukumu jambo hili. Lakini kama tungeunguza kifungo siku ya kwanza, na kama msalaba ungekwenda kwa dola 50, vitu vile viwili visingekaa tena pamoja mezani, na shangazi asingezungumza. Ni mwanamke wa miaka themanini na minne.

Hapa ndipo naona tofauti niliyoitafuta. Feza ambayo ilikufa mikononi mwetu ni yetu: tunaweza kuiweka, kuiuzisha, hata kuiunguza, mradi tujue. Feza iliyotolewa kwa neno fulani, kwa ndoa ao kwa mfu, imekwisha kutoka katika biashara. Mtu akiirudisha sokoni, anauzisha neno lile. Kwa sababu hiyo nasema wazi juu ya misalaba inayouzishwa leo. Mingi ni mipya, mafundi wetu wanaitengeneza kwa ajili ya wageni, na hilo halina ubaya kama wanasema ni mipya. Lakini ule ambao kweli ni wa zamani, uulize umetoka wapi. Kama umetoka kaburini, usiununue, hata kwa nia njema, hata ukisema unauokoa. Anayenunua mmoja anawalipa wachimbaji wa kaburi linalofuata. Sheria yetu ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya mali ya utamaduni inakataza kuchimba bila ruhusa, na ukiwa na kitu cha namna hiyo mlango wa kupiga hodi ni wa jumba la makumbusho la Lubumbashi. Najua wengine watasema hapa: na ile misalaba iliyo Tervuren, Ubelgiji, iliyochukuliwa bila kupiga hodi? Ni kweli. Kosa la mwingine halitupi ruhusa, lakini halifutwi pia.

Neno dogo kwa wanaotaka kuweka. Msisugue sarafu kwa mchanga ao ndimu ili ing'ae. Mnaondoa uso wake. Msigandishe noti iliyopasuka kwa plastiki ya kunata, gundi itaila. Karatasi kavu, mbali na ukuta wenye maji na mbali na mchwa, inatosha. Na andikeni jina la mwenyewe, mwaka, na jambo lililotokea. Noti bila habari yake ni karatasi ya rangi tu, na hapo yaya angekuwa na haki ya kuwasha moto.

Kwa upande wetu, mambo yalikwisha hivi. Msalaba uko kwa shangazi, na amekwisha kutaja mjukuu atakayeupokea. Katika noti za mamilioni, kijana aliuzisha nane, akapata bei ya madaftari machache, akabaki na mbili. Kopo la makuta liko shuleni kwangu. Kifungo cha noti 62 aliomba yaya mwenyewe, na hakuna aliyemwuliza sababu. Mtoto wake aliandika habari yote katika ukurasa mmoja ili iwekwe pamoja na kifungo, akamsomea baba yake kwa sauti. Aliandika kwamba usiku wa mvua walipanga sufuria mbili.

Yaya alimzuia: «Andika tano. Na ndoo.»